Nani Anapiga Hapo?

Baba mkubwa alipofariki, kazi ya kuandika wasifu wake niliachiwa mimi. Kwenye msiba kila mtu hupewa jukumu lake: huyu maturubai, yule kuni, vijana ndizi na nyama. Mimi, kwa kuwa ukoo mzima unanijua kuwa mtu wa kalamu, nikapewa daftari. Tukuyu ilikuwa inanyesha kama kawaida yake. Nikakaa barazani nikaandika: alizaliwa, alibatizwa kwa Wamoraviani, alisoma, alioa, alilima chai na migomba, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Nilipomsomea mama mkubwa, alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na gitaa?"

"Gitaa vipi, mama?"

"Andika alipiga gitaa Redio Tanzania. Ule wimbo si unaufahamu."

Niliufahamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 baba mkubwa alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, akaingia bendi moja, akapiga gitaa la rizimu kwa muda usiofika miaka miwili, halafu akarudi Rungwe na hakuondoka tena. Bendi ile iliacha nyimbo kadhaa kwenye kanda za redio, na mmoja bado husikika kwenye vipindi vya zilipendwa. Kila ulipopigwa aliongeza sauti, akainua kidole tunyamaze, akasema, "Hiyo rizimu ni mkono wangu." Tulikua tukiamini hivyo, kama tunavyoamini kwamba mlima Rungwe uko palepale hata siku ukifunikwa na ukungu.

Lakini kuamini ni jambo moja na kuandika ni lingine. Wasifu husomwa mbele ya jeneza, watu wamevua kofia. Karatasi ya kuthibitisha hatuna, picha ya bendi hatuna. Na mimi nilishajua, kwa ubishi ambao yeye mwenyewe alinifundisha, jinsi sikio linavyoweza kumdanganya mtu.

Ubishi huo ulianzia kwenye sanduku la santuri. Lilikaa chini ya kitanda chake, limefungwa kitenge kuzuia unyevu. Nusu zilikuwa santuri ndogo za dansi, zile zilizochapwa Nairobi kwa sababu kwetu hapakuwa na kiwanda cha kuzichapa. Nusu nyingine ilikuwa country ya Kimarekani, na Jim Reeves akiwa mbele ya wote. Mgeni anaweza kushangaa country imefikaje kwenye migomba ya Rungwe. Wenyeji hawashangai. Wazee wa Kinyakyusa walitoka sana: walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa huko Chunya, wakaenda Copperbelt, wengine wakafika migodi ya Afrika Kusini. Waliorudi na akiba walirudi na mablanketi, baiskeli, na wengine gramafoni. Babu yetu alikuwa mmoja wao. Baadaye tukawa tunaikamata redio ya Malawi, maana mpaka hauko mbali, na Jumapili baada ya ibada sauti ya Jim Reeves ilishuka mabondeni pamoja na moshi wa jikoni.

Mchezo wetu ulikuwa hivi. Baba mkubwa anaweka santuri, sindano inashuka, wimbo unaanza. Haulizi nani anaimba. Hilo limeandikwa kwenye lebo. Anauliza, "Nani anapiga hapo?"

Alichopenda kuniuliza zaidi ni lile gitaa linalolia. Wamarekani huliita gitaa la stili. Halishikwi kifuani kama magitaa mengine. Hulazwa, mapajani au juu ya miguu yake lenyewe, na mpigaji hatumii vidole kubana nyuzi bali huteleza na kipande cha chuma juu yake. Ndiyo maana sauti haidondoki kutoka noti moja hadi nyingine. Inapanda na kushuka kama mtu anayeugulia. Asili yake ni Hawaii, mwishoni mwa karne ya 19, na sifa ya kulibuni hupewa zaidi kijana aliyeitwa Joseph Kekuku. Afrika nayo ililipokea: sikiliza bendi ya King Sunny Adé wa Nigeria miaka ya 1980, utalisikia mikononi mwa Demola Adepoju, na huyohuyo Adepoju yumo katika wimbo wa Paul Simon unaoipa jina albamu ya Graceland ya mwaka 1986.

Nilipokua nikapata intaneti, nikaanza kumpelekea baba mkubwa majina, kama mtu anayerudi kutoka safari na zawadi. Lile gitaa jembamba linalopiga juu kabisa nyuma ya Hank Williams ni la Don Helms. Ule wimbo wa Webb Pierce uliovuma mwaka 1954, "Slowly", ndio uliowatia wazimu wapiga stili wote wa Marekani, maana Bud Isaacs alikuwa amefunga pedali kwenye gitaa lake: noti moja inabaki imesimama huku nyingine inahama ndani ya mlio uleule, jambo ambalo chuma peke yake hakiwezi. Wengi walikwenda kuyakatakata magitaa yao ili wayafunge pedali. Anayelia katikati ya "Together Again" ya Buck Owens, mwaka 1964, ni Tom Brumley. Anayemjibu Connie Smith katika "Once a Day", mwaka huohuo, ni Weldon Myrick. Anayemsindikiza Tammy Wynette katika "Stand by Your Man" ya mwaka 1968 ni Pete Drake.

Baba mkubwa aliyapokea majina haya kwa heshima, akiyarudia polepole. Siku moja akasema, "Sasa niambie wa Jim Reeves. Ule wimbo wa simu." Alimaanisha "He'll Have to Go", uliorekodiwa Nashville mwaka 1959. "Stili ya pale ni tamu kuliko zote. Nani anapiga?"

Nikatafuta. Majibu hayakunifurahisha. Kwenye wimbo ule hakuna stili. Piano ni Floyd Cramer, besi ni Bob Moore, ngoma ni Buddy Harman, gitaa ni Hank Garland, na ule mlio laini unaotetemeka pembeni ya sauti ya Reeves, ambao baba mkubwa aliupenda miaka arobaini, ni vibrafoni ya Marvin Hughes: vipande vya chuma vilivyopangwa kama marimba, vinagongwa kwa virungu vidogo. Miaka ile Nashville, chini ya watu kama Chet Atkins, ilikuwa inalainisha country iuzike mijini, na fidla na stili ndivyo vilivyokuwa vya kwanza kuambiwa vipumzike.

Nilipomwambia, alinyamaza. Akaweka santuri tena, akainamisha kichwa karibu na spika. Mwisho akasema, "Kumbe nilikuwa nampenda mtu mwingine."

Si yeye peke yake. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo yake ya kurekodi, alimkuta kijana Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, Kongo. Santuri ya "Masanga" ilipotoka, kuna waliosikia magitaa mawili. Lilikuwa moja: dole gumba likishika njia ya chini, vidole vingine vikiimba juu. Sikio limezoea kuhesabu watu kwa kuhesabu sauti, na hapo ndipo linapokamatwa.

Lakini swali lililonikaa kichwani siku ile ni jingine. Nimejuaje mimi, mtoto wa Tukuyu, kwamba siku fulani ya mwaka 1959 mtu aitwaye Marvin Hughes aligonga vibrafoni Nashville? Lebo ya santuri haikumtaja. Mtangazaji hakumtaja. Nani alimwandika?

Jibu ni la kawaida kabisa: karani wa malipo. Wapigaji wa studio za Nashville walikuwa wanachama wa chama cha wanamuziki cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1896. Kwa kawaida kikao cha kurekodi kilikuwa cha saa tatu, na kila kikao kilijaziwa fomu: tarehe, studio, nyimbo, kiongozi, majina ya wapigaji na kiasi anachostahili kila mmoja. Fomu haikujazwa kwa ajili ya historia. Ilijazwa ili Hughes alipwe. Miaka ikapita, watafiti wakazichimbua, kampuni kama Bear Family ya Ujerumani zikazichapa ndani ya vitabu vya makasha yao ya santuri, na sisi tukapata majina. Pale ambapo fomu hazikujazwa, kama kwenye studio ndogo zilizokwepa gharama za chama, hata Wamarekani wamebaki kubishana kwa masikio kama sisi.

Jina hufuata malipo. Nenda nyuma zaidi utaliona hilo. Santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa country aliyefariki mwaka 1933, zilifika Kenya zikawafikia Wakipsigis. Tracey alipofika kwao mwaka 1950 aliwakuta wasichana wanaimba kuhusu kiumbe wa ajabu aitwaye Chemirocha, na hilo ni jina la Jimmie Rodgers lililovalishwa Kikipsigis. Jina la mwimbaji lilivuka bahari, likapewa makao. Lakini kwenye baadhi ya nyimbo zake nyuma ya Rodgers kulikuwa na stili ya Ellsworth Cozzens, mwaka 1928, na ya Joe Kaipo, Mhawaii, mwaka 1929. Hao hakuna kijiji kilichowapa wimbo. Waliobaki nao ni makarani wa kampuni ya santuri na madaftari yao.

Sasa turudi nyumbani. Kwa miaka mingi bendi ya Tanzania iliyotaka kurekodi ilikuwa na mlango mmoja mkubwa: Redio Tanzania Dar es Salaam, ambayo leo ni TBC. Bendi iliingia studio, ikapiga, kanda ikawekwa kabatini ili itangazwe. Na bendi nyingi kubwa zilikuwa na mwenyewe. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Jina likawa JUWATA, kisha OTTU, na leo watu wanaiita Msondo. Polisi walikuwa na bendi yao, jeshi lao, JKT lao. Mlimani Park, iliyozaliwa mwaka 1978, ilianza chini ya shirika la usafiri na teksi, ikahamia mikononi mwa DDC mwaka 1983. Vyombo vilikuwa mali ya shirika. Mpigaji alilipwa mshahara mwisho wa mwezi kama karani au dereva.

Ulikuwa mpango wenye heshima yake. Mwanamuziki alikuwa mfanyakazi, si mhuni wa kukimbizwa na baba mkwe. Lakini angalia ulichofanya kwenye kumbukumbu. Kwa kuwa mtu halipwi kwa wimbo, hakuna sababu ya kumwandika kwa wimbo. Mtangazaji alisoma jina la wimbo, jina la bendi, pengine mtunzi. Santuri za Nairobi nazo ziliweka bendi na mtunzi. Mpiga rizimu aliingia asubuhi, akatoka jioni, akaacha mkono wake kwenye kanda bila jina.

Waliookoka ni wale waliokuwa na kitu cha ziada. Ukimsikia Mbaraka Mwinshehe huhitaji fomu: alipiga solo, akaimba, akatunga, akawa uso wa Morogoro Jazz, na mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. Alipokufa kwa ajali Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34, nchi nzima ilijua ni nani amekufa. Rizimu ya "Sina Makosa" ya Les Wanyika tunamjua mwenyewe, Omar Shabani, lakini huyo ndiye pia aliyeutunga wimbo. Mpiga rizimu asiyetunga wala kuimba, nani atamtaja?

Mtu atasema: mtindo utamtambulisha. Mtindo unatambulisha bendi. Ukisikia Sikinde unajua ni Mlimani Park, ukisikia Saboso unajua ni Western Jazz, Segere Matata ni Tabora Jazz. Ila wapigaji walihama, aisee, kama wachezaji wa mpira. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima aliwachukua wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park, Muhiddin Maalim akiwa mmoja wao, akaunda upya Safari Sound yake na mtindo wa Ndekule. Kuna na waliohama chombo bila kuhama fani: Michael Enoch aliingia Dar es Salaam Jazz mwaka 1960 akipiga solo, baadaye akawa mpuliza saksafoni na mwalimu wa bendi. Kujua kwamba fulani alikuwa bendi fulani hakukuambii alishika nini siku ile.

Tuna fomu yetu moja, nayo imo ndani ya wimbo wenyewe. Gitaa linapochachamaa, mwimbaji humwita mpigaji kwa jina. Nimeshawahi kusikiliza wimbo mara kumi kwa ajili ya neno moja linalopita haraka nyuma ya matarumbeta. Ni ushahidi mzuri, ila uchunge: anayeitwa huenda ni mpigaji, huenda ni rafiki aliyelipa vinywaji, huenda ni mchumba wa mtu. Na nimegundua jambo jingine. Wanaoitwa zaidi ni watu wa solo. Sijakutana na wimbo ambao rizimu inaitwa kwa sauti.

Haya si mambo ya kupamba mazungumzo tu. Tangu mwaka 1999 tuna sheria ya hakimiliki na hakishiriki, na sheria hiyo inamtambua mpigaji, si mtunzi peke yake. Lakini sheria inamlinda mtu anayeweza kusema "ni mimi" na akaaminika. Wimbo wa zamani ukipigwa kwenye tangazo leo, mjukuu wa mpiga rizimu asiye na jina ataanzia wapi?

Basi nikiwa pale barazani na daftari, nilifanya ambacho ningefanya kwa Tom Brumley. Nikauweka ule wimbo kwenye simu, nikasikiliza rizimu peke yake. Baba mkubwa nyumbani alikuwa na gitaa lenye nyuzi tano. Ya sita ilikatika zamani. Alikuwa na tabia moja: kabla ya kiitikio kurudi, alikuwa anazuia mkono, anaacha pigo moja lipite tupu, halafu anadaka la pili. Tulipokuwa watoto tulidhani ni ule uzi uliokosekana. Kwenye kanda, pale kabla ya kiitikio, rizimu inanyamaza pigo moja, inadaka la pili.

Moyo uliniruka. Kisha nikakumbuka vibrafoni. Mpigaji anayerithi nafasi ya mwenzake hujifunza wimbo pigo kwa pigo. Huenda yeye ndiye aliyeliacha lile pengo kwenye kanda. Huenda alilikuta pale likiwa la mtu mwingine, akalipiga jukwaani usiku baada ya usiku mpaka likawa mkono wake. Huenda, na hili lilinichoma kulifikiria msibani, alijifunza redioni baadaye, akiwa tayari amerudi kwenye migomba, na miaka ikayachanganya. Sikio langu lilimtaka awe yeye. Sikio linalotaka kitu ni shahidi mbaya.

Nikaandika: "Alisema kuwa ndiye aliyepiga rizimu katika wimbo huo."

Mama mkubwa akanikazia macho. "'Alisema' ndiyo nini? Unamfanya mwongo mbele ya watu?"

Nikamweleza kadiri nilivyoweza. Kwamba nikiandika "alipiga", shahidi ni mimi, na mimi sikuwepo. Nikiandika "alisema", shahidi ni yeye mwenyewe, aliyekuwepo. Akafikiri kidogo, akavuta kanga begani.

"Basi ongeza: mbele ya mkewe. Alinambia mimi kabla hujazaliwa, hatujawa hata na redio ya kujisikia. Andika na mwaka."

Mwaka alioutaja ni 1975, walipooana. Hapo moja ya hofu zangu ikaondoka: hakuusikia kwanza redioni ndipo akajipachika. Nyingine mbili zilibaki. Nikaandika kama alivyosema, na wasifu ukasomwa hivyo: alimwambia mkewe mwaka 1975 kwamba rizimu ya wimbo ule ni yake, na wanawe na wana wa nduguze wamemsikia akiipiga nyumbani kwa namna ileile.

Baada ya maziko, tukiwa tunanawa mikono, mzee mmoja aliyekuja kwa basi kutoka upande wa Kyela alinishika kiwiko. Simfahamu. Koti lake lilikuwa limelowa mabegani.

"Ndaga, mwanangu. Umesoma vizuri. Ila besi umemwacha."

"Besi gani, mzee?"

"Wa wimbo ule. Nilikuwa nawabebea vyombo." Akanitajia jina la mpiga besi, akalirudia ili nilisikie sawasawa, akataja na la mpiga solo. Nikamuuliza, nikijaribu sauti isitetemeke: na rizimu? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa mvua inatoka wapi.

"Si huyu tuliyemzika?"

Nikamkalisha chini ya turubai. Nikafungua daftari lilelile la wasifu, ukurasa wa nyuma, nikaandika tarehe ya siku ile, jina la wimbo, jina la aliyenieleza, kwamba alikuwa mbeba vyombo, na majina matatu kila moja na chombo chake. Kisha nikampa kalamu aweke sahihi.